Wasomaji Wanauliza: Prosesa ya Wati 6 Itaweza Kazi?

Barua za mara hii zimetoka Mwanza mjini na visiwani, na nyingi zinazunguka kitu kimoja: vile visanduku vidogo vya kompyuta vinavyoenea kiganjani, vyenye prosesa ya Intel N100 au ndugu zake. Palipohitaji hesabu tumepiga hesabu. Palipotosha mstari mmoja tumejibu kwa mstari mmoja.

SWALI: Nina steshenari Nyegezi, jirani na chuo. Nachapa, naprinti, naskani vyeti, nawajazia wanafunzi fomu za mkopo na maombi ya vyuo. Kompyuta zangu mbili ni za zamani, Core 2 Duo. Muuzaji mmoja mjini anasema nichukue kisanduku cha N100. Mwingine anasema hiyo ni "prosesa ya simu", bora nichukue i5-6500 ya mtumba. Nimsikilize nani?
Mwenye steshenari, Nyegezi

JIBU: Kila mmoja amekupa nusu. N100 si prosesa ya simu. Inaendesha Windows na programu zilezile unazotumia sasa. Ilitoka mwanzoni mwa 2023, ina viini 4 (core, zile sehemu za prosesa zinazofanya kazi kwa wakati mmoja), na mwendo wake wa juu ni GHz 3.4. Anachokwepa kukuambia wa kwanza ni kwamba viini hivyo vyote ni vile vidogo, ambavyo kwenye prosesa kubwa za kizazi cha 12 Intel huviweka kuwa wasaidizi. Hapa wamebaki wasaidizi peke yao. Ile i5-6500 ni ya 2015, viini 4 vya kawaida, GHz 3.2 hadi 3.6, wati 65. Ukizipa kazi inayotumia viini vyote zinakaribia kwenda sare; kazi inayotegemea kiini kimoja, i5 inatangulia kidogo. Kwa Word, Excel, fomu za mtandaoni na kuskani, mteja aliyesimama kaunta hatajua unatumia ipi.

Wewe mwenye duka ndiye utakayejua. Windows 10 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na i5-6500 haimo kwenye orodha ya prosesa zinazokubaliwa na Windows 11. Kwa Intel, orodha hiyo karibu yote inaanzia kizazi cha 8. Fundi anaweza kuilazimisha ikaingia, ila masasisho makubwa yakija unarudi kwa fundi. Kwa duka linaloingiza namba za NIDA na nywila za watu kutwa nzima, hilo tusingelikubali. N100 inaipokea Windows 11 bila hila.

Sasa umeme. Kompyuta ya kava kubwa yenye i5-6500, bila monita, hula wati 30 hadi 50 kwa kazi za kaunta, tuseme 40. Core 2 Duo tuiweke 75. Kisanduku cha N100, 12. Ukifungua saa 12 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, unapata saa 312: N100 inakula uniti 3.7, i5 uniti 12.5, Core 2 Duo uniti 23.4. Tukichukua shilingi 350 kwa uniti kodi ikiwemo (hakiki yako kwa risiti ya LUKU: toa kwanza makato ya kodi ya jengo, kisha gawanya pesa kwa uniti), inakuwa kama shilingi 1,300, 4,400 na 8,200 kwa mwezi kwa kila mashine. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba LUKU peke yake itakurudishia bei ya N100 ukiilinganisha na i5. Tofauti ni kama 3,100 kwa mwezi. Kuziondoa hizo Core 2 Duo mbili ndiko kunakoonekana mfukoni, karibu 14,000 kila mwezi.

Ushauri wetu: kaunta weka N100 yenye RAM GB 8 au zaidi na SSD (hifadhi isiyo na sehemu inayozunguka) ya GB 256. Kama unatengeneza pia mabango na vitabu vya picha vya harusi kwenye Photoshop, mashine moja iwe ya mtumba ya kizazi cha 8, kwa mfano yenye i5-8500T: viini 6, wati 35, Windows 11 inaingia kihalali. Hiyo herufi T mwishoni ndiyo alama ya prosesa za mezani za Intel zilizopunguzwa ulaji wa umeme, na hupatikana kwenye kompyuta ndogo za ofisi kama HP EliteDesk 800 G4 Mini, Dell OptiPlex 7060 Micro na Lenovo ThinkCentre M920q.

Ukinunua hizo, dai adapta yake halisi. Za Dell zina kipini chembamba katikati ya plagi kinachoitambulisha adapta kwa mashine. Ukichomeka ya kuungaunga, kompyuta inawaka vizuri tu, lakini inatoa onyo kwamba haiitambui adapta na kujifunga kwenye mwendo wa chini, mara nyingi GHz 0.8. Watu wengi hupeleka mashine ya namna hiyo kuwekewa Windows upya, na fundi anakula pesa ya bure.

SWALI: Kwenye boksi la N100 yangu na kwenye tovuti ya Intel imeandikwa wati 6. Nimeweka kipima umeme ukutani, kinasoma 9 nikiwa sifanyi kitu na 24 nikifungua vitu vingi. Nimeuziwa feki?
Msomaji, Pansiansi

JIBU: Hapana, vipimo vyako ni vya kawaida kabisa. Zile wati 6 ni za prosesa peke yake, tena kwa kipimo cha joto ambalo mtengenezaji wa kisanduku anatakiwa aweze kulitoa. Ukutani unapima pamoja na RAM, SSD, Wi-Fi, feni, flashi zilizochomekwa na hasara ya adapta. Zaidi ya hapo, watengenezaji wengi wa visanduku huipandisha wao wenyewe kwenye BIOS (menyu ya mipangilio inayofunguka kabla ya Windows) ifike wati 10, 15, hata 20, ili ionekane kali ikipimwa kasi. Ukiingia BIOS na kukuta mstari wa "PL1", yaani kikomo cha wati za prosesa, unaweza kuushusha hadi 8 au 10. Kuandika hakutabadilika; kinachochelewa ni kazi ndefu, kama kubana mafaili makubwa.

Kama kipimo kingebaki juu ya 20 wakati hakuna kilichofunguliwa, hapo kungekuwa na programu inayofanya kazi chinichini. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, bofya safu ya CPU, na mla umeme atapanda juu ya orodha.

SWALI: Kisanduku changu ni kipya, Celeron N4020, RAM GB 4, hifadhi GB 64. Kinachukua dakika nzima kufungua Chrome. Nikibadilisha prosesa itasaidia?
Karani, Kirumba

JIBU: Prosesa haibadilishiki. Kwenye mashine za aina hii, N100 ikiwemo, imechomelewa juu ya madabodi, hakuna soketi. Ulichonunua ndicho ulichonacho hadi mwisho, kwa hiyo chagua vizuri siku ya kununua.

N4020 ina viini 2 tu, ndiyo, lakini kinachokukwamisha kwanza ni vitu viwili vilivyo pembeni yake. GB 4 za RAM na GB 64 za hifadhi ni kile kiwango cha chini kabisa ambacho Windows 11 inakubali kuingia; hakimaanishi kwamba kazi itafanyika. Windows ikishawaka yenyewe imekwishakula zaidi ya nusu ya RAM. Ukifungua Chrome, kinachozidi kinahamishiwa kwenye hifadhi, na hifadhi yako, kwa ukubwa huo, karibu hakika ni eMMC, chipu ya familia ya kadi za kumbukumbu, yenye mwendo wa chini sana kuliko SSD. Na ikikaribia kujaa inazidi kuwa nzito.

Fungua mfuniko wa chini (skrubu 4, mara nyingine zimefichwa chini ya vile vimiguu vya mpira). Tafuta nafasi mbili. Ya kwanza ni ya RAM: ikiwepo, soma kijibandiko cha RAM iliyomo, kwa sababu DDR4 na DDR5 zina kijipengo mahali tofauti na haziingiliani, usisukume kwa nguvu. Isipokuwepo, RAM nayo imechomelewa. Ya pili ni ya SSD, ama ya inchi 2.5 au ile nyembamba ya M.2. Hapa ndipo watu wanapopoteza pesa: nafasi za M.2 kwenye visanduku vya bei ya chini nyingi zinasoma SSD za SATA peke yake, si za NVMe, aina yenye mwendo zaidi. Ukiweka NVMe, BIOS haitaiona kabisa, na hakuna programu itakayoirekebisha. Angalia maandishi madogo kando ya nafasi hiyo, au ukurasa wa maelezo wa modeli yako, kabla ya kwenda dukani.

Ukishaweka SSD ya GB 240 au 256, usihamishe tu mafaili. Isimike Windows upya juu ya SSD, kisha BIOS uipange SSD iwe ya kwanza kuwaka. Kama RAM imechomelewa kwenye GB 4, achana na Windows. Weka Linux Mint toleo la Xfce pamoja na LibreOffice. Kwa kuandika barua na kusoma barua pepe utaona mashine imefufuka. Vichupo 15 vya kivinjari bado haitaviweza.

SWALI: Niko Ukerewe, kwenye kisiwa kidogo kisicho na umeme wa gridi. Nina kibanda umiza: televisheni ya DC ya inchi 32, spika, paneli ya wati 150, betri ya 12V 100Ah ya maji. Sinema naonyesha kwa kompyuta ya kawaida kupitia inveta, na betri inazimika kabla filamu ya pili haijaisha. N100 itanisaidia?
Mwonyesha filamu, Ukerewe

JIBU: Itakusaidia kuliko itakavyomsaidia yeyote mwingine kwenye ukurasa huu.

Betri yako ina wati-saa 1,200 kwenye karatasi. Za maji na asidi usizishushe chini ya nusu kila siku, la sivyo zinakufa mapema. Kwa hiyo una 600. Kompyuta ya kava kubwa inayokula 60 ikicheza filamu, pamoja na hasara ya inveta, inavuta kama 75 kwenye betri. Televisheni 35, spika 20. Jumla 130, yaani saa 4 na nusu betri ikiwa mpya na imejaa. Ikiwa imechoka, ni hizo filamu moja na nusu unazopata. Weka N100 bila inveta: kisanduku 12, kigeuzi cha volti kinapoteza 2, televisheni 35, spika 20. Jumla 69. Zile 600 zinakupeleka zaidi ya saa 8. Ukionyesha saa 4 unatumia kama 280, na paneli ya wati 150 inazirudisha siku yenye jua hata ukitoa hasara. Masika, mawingu yakikaa siku mbili mfululizo juu ya ziwa, punguza onyesho moja.

Inveta yenyewe, hata isipobebeshwa kitu, hula wati kadhaa ili kuwa hai tu. Karibu sawa na kompyuta nzima ya N100. Ndiyo maana tunasema iondoe.

Namna ya kuunga: geuza adapta iliyokuja na kisanduku usome maandishi. Nyingi za N100 ni 12V, ampea 3, lakini zipo za 19V, na ukikosea umeunguza. Kisha usiunge kisanduku moja kwa moja kwenye betri ati kwa sababu zote ni 12. Betri inapochajiwa hupanda hadi volti 14.4, na usiku ikielekea kuisha hushuka chini ya 12. Kisanduku kimoja kitavumilia, kingine kitazima katikati ya filamu au kuungua. Weka katikati kigeuzi cha DC kinachopandisha na kushusha, kinachotoa 12V tuli, ampea 5. Kwa kisanduku cha 19V, kigeuzi cha kupandisha hadi 19V.

Upande wa kuingilia, toa waya kwenye sehemu ya "load" ya kontrola ya sola badala ya kwenye betri yenyewe, maana kontrola itakukatia umeme kabla betri haijafa. Weka fyuzi ya ampea 5 kwenye waya chanya. Waya wa 2.5 mm² unatosha hadi mita 3. Waya mwembamba wa spika unapoteza volti na kupata joto. Washa kigeuzi bila kompyuta, pima kwa multimita, hakikisha inasoma 12.0 na kwamba kipini cha ndani cha plagi ndicho chanya kama mchoro wa adapta unavyoonyesha. Plagi yenyewe kwa kawaida ni ya 5.5 mm kwa nje, ila tundu la ndani lipo la 2.1 na la 2.5. Ikilegea, mashine itazima kila mtu akigusa meza.

Kuhusu picha: N100 inafungua H.265, VP9 na AV1 (namna za kisasa za kubana video) kwa sehemu maalumu ya ndani, bila kuichosha prosesa. Kompyuta nyingi za zamani haziwezi, ndiyo maana filamu mpya ya H.265 ya biti 10 inakatakata kwako hata ikiwa mashine ni i5. Tumia VLC, na uache kuhifadhi filamu kwenye hadi diski inayozunguka; inakula wati nyingi kuliko SSD na haipendi kutikiswa.

SWALI: Nyumba iko karibu na maji, Igombe. Wale wadudu wadogo wa ziwani wakija usiku wanajaa kila kitu chenye taa. Kompyuta sasa inaunguruma na kuzima yenyewe. Nipulize kwa kompresa ya gereji?
Msomaji, Igombe

JIBU: Usipulize kwa kompresa. Hewa yake ina maji na mafuta, na ikizungusha feni kwa kasi isiyo yake inaharibu beringi.

Wadudu hao wanafuata mwanga, wanavutwa na feni, wanakufia kwenye mapezi ya bamba la joto. Ukichanganya na vumbi na unyevu wa ziwa, wanageuka utando mgumu kama maganda. Hewa haipiti, prosesa inafika kikomo cha joto, inapunguza mwendo, mwishowe inajizima ili isiungue.

Zima, chomoa adapta, bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde 10 umeme uliobaki uishe. Fungua. Zuia feni isizunguke kwa kijiti cha meno, kisha ondoa utando kwa brashi laini kavu ya rangi, kuanzia ndani kwenda nje. Kama imekaa zaidi ya mwaka mmoja kwenye hali hiyo, ng'oa bamba la joto na ubadilishe pesti, ile dawa ya kijivu iliyo kati yake na prosesa. Futa ya zamani kwa alkoholi ya isopropili na kitambaa kisichotoa nyuzi, kamwe si kwa ncha ya bisibisi: kwenye N100 kioo cha silikoni kiko wazi, hakina kofia ya chuma, na ukikichubua pembeni mashine imekwenda. Pesti mpya iwe tone dogo katikati. Rudisha skrubu kwa mshazari, kila moja nusu nusu, bamba likae sawasawa.

Ukinunua nyingine, tafuta isiyo na feni, yenye kava zima la alumini lenye mapezi. Kwa prosesa ya wati 6 inawezekana. Kwa i5 ya wati 65 ni vigumu kwa kava dogo. Ila isiwekwe ndani ya droo wala chini ya makaratasi, kwa kuwa kava hilo ndilo linalotoa joto, na ni kawaida likiwa la moto mkononi.

SWALI: Tangazo limesema "Intel kizazi cha 12, kama i7". Nitajuaje kabla sijalipa?
Mnunuzi, Mirongo

JIBU: Muombe aiwashe mbele yako na uingie BIOS (Del kwa visanduku vingi, F2 kwa Dell, F10 kwa HP, F1 kwa Lenovo) usome jina la prosesa hapo. Jina lililo ndani ya Windows linaweza kuchezewa. N95, N97 na N100 kweli ni za familia ya kizazi cha 12, hivyo muuzaji hajadanganya neno kwa neno. Amekuacha tu ujidanganye. Na "i7" bila namba haimaanishi kitu: i7-2600 ya 2011 inakwenda karibu sawa na N100 huku ikiwa ya wati 95.

RAM hesabu kwenye BIOS hiyohiyo. Hifadhi usiamini namba inayoonyeshwa. Nakili ndani yake video nyingi hadi ikaribie kujaa, kutoka kwenye hadi diski yako ya nje, kisha cheza ya mwisho kunakiliwa. Ikigoma kufunguka, huenda hiyo ni SSD ya uongo. Chomeka flashi kwenye kila tundu la USB. Angalia tarehe ya saa: ikirudi nyuma ukichomoa umeme, betri ya CR2032 imekwisha. Ni ya bei ndogo, lakini bila hiyo tovuti za serikali na za benki zitakutolea onyo la usalama kila asubuhi na utadhani ni intaneti mbovu.

SWALI: Nina duka la dawa Buzuruga. UPS yangu ya 650VA inashika dakika 20 tu umeme ukikatika. Nikiweka N100 itafika saa ngapi? Programu yangu ya mauzo ni ya zamani, iko Windows 7, na printa ya risiti ni ya tundu la pini 9.
Muuza dawa, Buzuruga

JIBU: UPS ya ukubwa huo kwa kawaida ina betri moja ya 12V 7Ah. Ukiivuta haraka haitoi zote. Baada ya hasara una kama wati-saa 40. Kompyuta ya zamani na monita, kama wati 120, ni hizo dakika 20. N100 na monita ya LED ya inchi 22 ni kama wati 32, kwa hiyo saa moja na zaidi kidogo, betri ikiwa haijafika miaka mitatu. Printa ya leza usiiunge hapo. Ikipasha joto huvuta mamia ya wati kwa mpigo na UPS inaangusha kila kitu. Ya risiti haina shida.

Kikwazo chako ni programu. Intel haina draiva za picha za Windows 7 kwa N100, na visanduku vingi haviwaki kwa mfumo wa zamani wa BIOS. Kabla ya kununua, iombe kampuni iliyokuuzia programu toleo la Windows 11, au ijaribu kwenye kompyuta ya jirani yenye Windows 11, ukiwa na nakala ya hifadhidata yako kwenye flashi mbili. Printa itaungwa kwa kebo ya kugeuza USB kuwa seriali, yaani hilo tundu la pini 9. Baada ya kuiweka, angalia imepewa namba gani ya COM (jina ambalo Windows hulipa tundu la seriali), na uiandike namba hiyohiyo ndani ya programu ya mauzo. Kebo ikihamishiwa tundu jingine la USB namba inaweza kubadilika na risiti zikakoma, kwa hiyo bandika alama kwenye tundu lake.

Kwenye BIOS kuna mpangilio wa nini kitokee umeme ukirudi. Ukiwa na UPS nzima, weka iwake yenyewe. UPS ikiwa imekufa na umeme unaingia na kutoka mara nne kwa saa, iache ibaki imezima hadi utakapobonyeza mwenyewe. SSD za bei ya chini huharibika kwa kukatiwa umeme katikati ya kuandika.